Mwalimu Mwenye Nusu ya Dunia

Ramani ile ilifika Lodwar kwa lori la msaada, pamoja na madawati mapya na mpira uliokuwa umetoboka kabla haujapigwa teke. Ilikuwa ramani ya dunia ya kutundika ukutani, imechapwa vipande viwili, na kipande kimoja hakikufika. Kilichofika kilikuwa cha Bahari ya Pasifiki: buluu tupu kutoka juu hadi chini, Australia imejikunja kwenye kona, ukingo mwembamba wa Amerika upande wa pili, na katikati vitone vidogo mno, kama nzi walitua hapo wakaruka. Afrika haikuwamo. Walimu wengine walitaka itumike kujalidia vitabu. Mwalimu wetu wa masomo ya jamii aliichukua akaipigilia ukutani kwa misumari.

"Mgeni akipotea njia akafika kwako," alituambia, "humfukuzi. Unampa maji, kisha unamuuliza kwao ni wapi."

Basi tukakaa miaka tukimuuliza yule mgeni. Wengi wetu hatukuwa tumefika hata Kitale, lakini tulijua Tonga na Vanuatu kabla ya kuijua Botswana. Mjini wakamwita Mwalimu wa Visiwa. Ukimtafuta kwa jina hilo, hata wauza maji wa punda watakuelekeza, kwa hiyo sioni haja ya kuandika jina lingine.

Namwandika kwa sababu ya ndugu zangu. Mimi ni wa kwanza kati ya wanne: mimi, Lokai, Asinyen, na Ewoi ambaye alikuwa hajajua kufunga vifungo vya shati mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia. Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani, kuhakikisha kwamba sisi wanne hatupotei kila mtu kivyake. Katika kazi hiyo Mwalimu alikuwa upande wa walionipinga. Hilo nalisema mapema ili msomaji asidhani naandika sifa.

Kila muhula alichukua kamba, akapima kutoka ukingo wa ramani kwenda kushoto, akafika karibu na dirisha, na hapo akachora msalaba wa chaki ukutani. Hapo ndipo ingekuwa Kenya, kama ile karatasi ingeendelea. Vumbi la Lodwar linafuta kila kitu, kwa hiyo kila muhula Kenya ilichorwa upya. Siku moja akaja mkaguzi wa elimu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi vizuri, akamwita mvulana wa mstari wa mbele.

"Njoo unionyeshe Kenya."

Mvulana alitembea akaipita ramani yote hadi dirishani. "Iko hapa, sir. Chini ya bawaba."

"Huo ni ukuta."

"Ndiyo, sir. Ramani haijafika hapo."

Mkaguzi alimtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama dari. Ikaamriwa ramani iondolewe. Mwalimu aliiondoa kwa heshima zote, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Gari la mkaguzi lilipoingia barabarani, nyundo ikaanza kulia tena.

Sitasema alikuwa mwalimu bora. Pasifiki haikuwa katika mtihani. Wenzangu waliofika darasa la nane walikutana na swali la mto Kongo wakabaki wakitafuna kalamu, na wazazi wakaja shuleni kulalamika, wakiwa na haki yao. Yeye aliwasikiliza, akafundisha mto Kongo wiki nzima kwa uso wa mtu anayemeza dawa, kisha akarudi baharini.

Na bahari yenyewe hakuwa ameiona. Maji aliyaogopa. Mto Turkwel ukitiririka hata wa kufika kwenye kifundo cha mguu, yeye alisimama ukingoni na mfuko wake wa madaftari, akingoja ukauke. Siku shule ilipotupeleka ziwani Kalokol, sote tulikimbilia maji tukipiga kelele. Yeye alibaki ndani ya lori akisahihisha kazi, amelipa ziwa mgongo. Tulipomwita alisema, "Nimeshayaona kwenye ramani." Chai aliinywa ya rangi, chaki aliiweka mfuko wa shati mpaka mifuko yake yote ikawa myeupe, na fimbo aliibeba kila siku bila kuitumia, ila kuonyeshea visiwa.

Alipenda hasa mambo ya mipaka. Alitueleza kisiwa kimoja kikubwa kilichokatwa katikati kwa mstari ulionyooka, nusu nchi hii, nusu nchi ile, na watu wa msituni wakaamka wakiwa wa serikali mbili. Sisi hatukushangaa. Baba zetu walikuwa wamepeleka mifugo mpaka kupita Nadapal bila mtu kuwaambia wameingia nchi nyingine. Alitueleza Nauru, kisiwa kimoja peke yake, kilivyochimbwa utajiri wake ukapakiwa melini mpaka katikati pakabaki mawe tupu. Malori ya mafuta yalipoanza kuonekana njia ya Lokichar, watu wazima walimuuliza anaonaje. "Mimi sina maoni," alisema. "Muulizeni mtu wa Nauru."

Alitufundisha pia Samoa mbili. Watu ni wale wale, lugha moja, wajomba kwa wajomba, lakini moja ni nchi na nyingine iko chini ya Amerika. Ile iliyo nchi ikaamua kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ili siku zake zilingane na za majirani inaofanya nao biashara. Watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi.

Darasani kulikuwa na Abdi, mtoto wa Msomali mwenye duka la vitambaa. Akainua mkono. "Mwalimu, na sala ya Ijumaa waliswali lini?"

Mwalimu aliliandika swali pembeni mwa daftari lake. Wiki iliyofuata alirudi na jibu. "Nimemuuliza imamu. Anasema hata yeye hajui, lakini amecheka sana, na anasema wewe usome kwa bidii."

Lakini lile kosa letu kubwa, ambalo nadhani hakuna darasa lingine duniani lingelifanya, lilihusu vile vistari vya nukta. Kwenye ramani, kila kundi la visiwa limezungushiwa mstari wa nukta nukta baharini, kuonyesha hivi ni vya Tuvalu, hivi ni vya Fiji. Mwalimu alituambia tunakili ramani kwenye madaftari. Hakueleza ile mistari ni nini, na sisi hatukuuliza, kwa sababu tuliijua. Ilikuwa ua la miiba. Tukaichora miiba yake vizuri, na kwa kuwa boma lisilo na mlango ni kaburi, kila nchi tukaiwekea mlango, wengi wakauelekeza mashariki kama ulivyo nyumbani. Visiwa vilivyokuwa ndani vikawa nyumba za wake, kila mke na moto wake na mbuzi wake wa kukama. Msichana mmoja alichora hadi zizi la wana-mbuzi pembeni mwa Tonga.

Mwalimu alipita kati ya madawati akitazama. Nilimwona akisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Akiru, hii ni nini?"

"Ni awi, Mwalimu. Boma. Kiribati ana wake wengi, wamekaa mbali mbali."

"Na nani amekuambia mlango uko hapa?"

"Lazima uwe mahali."

Alichukua madaftari yote akaenda nayo nyumbani. Kesho yake tuliyakuta yamewekwa alama ya vyema, darasa zima. Akatuambia kwamba baharini hakuna miiba, mstari ule hauonekani hata ukipita juu yake kwa meli, upo kwa sababu watu wamekubaliana upo. Kisha akasema tusifute.

Hapo ndipo alipotufundisha Kiribati vizuri. Visiwa vyake vimetawanyika mno, hata mstari wa tarehe ulipita katikati ya nchi. Huku Jumatatu, kule bado Jumapili. "Afisa wa huku akiandika barua, wa kule yuko kanisani. Wa kule akiamka kazini, wa huku ameshafunga ofisi." Tulicheka. Lokai, ambaye alikuwa darasa la chini lakini alipenda kuchungulia dirishani, akauliza kutoka nje, "Si wahamie wote kisiwa kimoja?"

"Hawatatosha," Mwalimu alisema. "Walichofanya, waliupinda mstari. Waliuvuta mpaka ukazunguka nyuma ya kisiwa chao cha mwisho. Visiwa vikabaki mbali vile vile, lakini nchi nzima ikawa na siku moja."

Mama alipofariki nilikuwa darasa la saba. Niliacha shule wiki hiyo hiyo, nikaanza kuuza makaa. Matanga yalipokwisha, baba mkubwa alikuja kutoka Kalemng'orok na shangazi kutoka Kakuma, na wazee wa upande wetu wakaketi kwenye viti vyao vidogo vya mbao. Mambo yalikuwa yameshaamuliwa njiani. Asinyen atakwenda Kalemng'orok kuchunga. Lokai atakwenda Kakuma kumsaidia shangazi kwenye biashara yake katika kambi ya wakimbizi. Ewoi atapewa binamu wa mama huko Lokichoggio. Na mimi nilikuwa nimefika umri wa kutafutiwa mtu. Sisemi walikuwa wabaya. Kwetu ndivyo yatima huokolewa: kila mtoto anatiwa ndani ya boma lenye maziwa.

Mwalimu alikuwa amekuja kwa sababu alimheshimu mama. Nilisimama nikasema hatugawanywi. Baba mkubwa akacheka taratibu.

"Wewe Akiru, utalisha hawa na nini? Na upepo?"

"Nauza makaa."

"Makaa inaliwa?"

Wazee wakacheka. Nikamtazama Mwalimu. Nilijua atasema neno, na neno lake nilikuwa nimeshalisikia darasani: mstari unaweza kupindwa. Akainuka, akajipangusa chaki kwenye suruali.

"Kuna visiwa vidogo vinaitwa Tokelau," alisema. "Vilipiga kura vijitegemee. Wengi walitaka, lakini kura hazikufika theluthi mbili zilizotakiwa. Wakapiga tena. Tena hazikufika. Mpaka leo wako chini ya New Zealand, na wanakula. Akiru anataka. Mimi namwona anavyotaka. Lakini kutaka hakutoshi. Wazee, wachukueni watoto."

Akaketi. Mtu amekufundisha miaka mitatu, kisha anatumia somo kukufungia mlango. Sikulia. Nilisema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Basi wachukueni. Lakini Ewoi anabaki na mimi, bado analala kwa kushika nguo yangu. Na hakuna atakayeamua jambo la mmoja wetu, kuolewa, kuhamishwa, kitu chochote, mpaka sisi wanne tumekubali. Hata mkituweka wapi."

"Sawa, mama chifu," baba mkubwa alisema, na wazee wakacheka tena. "Sawa. Tutawauliza na huyu anayenyonya kidole."

Tukatawanyika. Mambo ya kutuunganisha yalikuwa madogo. Jumapili jioni nilipanda kwenye kile kilima cha mawe nyuma ya nyumba, mahali mtandao unashika, nikampigia shangazi ili nimsikie Lokai, nikampigia mwenye duka wa Kalemng'orok ili amwite Asinyen. Kila mmoja alisema alichokula na aliyemchokoza. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "mimi niko sawa" peke yake. Ilikuwa lazima aseme kitu kilichotokea. Na Mwalimu sikumsemesha. Nilipomwona sokoni nilimwamkia, "Ejok, Mwalimu," naye akajibu, "Ejok," tukapita. Alinunua makaa kwangu, hakunipunguzia wala hakuniongezea.

Miaka ikapita hivyo. Kisha Jumapili moja Asinyen, badala ya kusema alichokula, alisema polepole, "Dada, kuna wageni wanakunywa chai hapa kila siku. Na mimi naambiwa nivae shanga."

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Nilimpigia Lokai. "Nakataa," alisema kabla sijamaliza. Nikamuuliza Ewoi, ambaye alikuwa anacheza na tairi.

"Anaolewa na nani?"

"Mtu tusiyemjua."

"Basi hapana."

Asinyen mwenyewe alikuwa ameshasema kwa ile sauti yake. Lakini sisi tulikuwa watoto wanne na simu moja. Nilihitaji mtu mzima aliyekuwa pale siku ile, na wale wazee wote walikuwa wa baba mkubwa. Nikaenda nyumbani kwa Mwalimu. Alikuwa anashona mfuko wa shati.

"Ulikuwepo siku ya kugawanywa," nilimwambia. "Uliwaunga mkono."

"Niliwaunga."

"Lakini sharti langu ulilisikia?"

Akakata uzi kwa meno. "Nililisikia. Masikio yangu hayakuwa upande wa mtu." Akavaa lile shati, akachukua kofia.

Tulidandia lori la kwenda Kitale. Kalemng'orok tulimkuta baba mkubwa kivulini na wale wageni wake. Alipomwona Mwalimu alifurahi. "Karibu! Huyu ni mtu wangu. Siku ile alisimama na mimi."

"Nilisimama na wewe, na leo nasimama pale pale," Mwalimu alisema. "Nilisema watoto wachukuliwe. Halafu mtoto huyu akatoa sharti, ukasema sawa. Mara mbili. Nilikuwa nimekaa karibu na wewe."

"Nilikuwa nacheka tu na mtoto!"

"Wakubwa hucheka. Nchi kubwa ikiandikiana mkataba na kisiwa kidogo, inarudi nyumbani inasahau. Kisiwa ndicho kinakumbuka, kwa sababu hakina kitu kingine. Mzee, hawa wanne wameulizwa. Wamekataa."

Wageni walianza kuangaliana. Baba mkubwa alitema tumbaku kando. Angeweza kutufukuza. Nadhani kilichomshinda ni ile "mara mbili", mbele ya wageni. "Basi mlisheni nyinyi!" akasema. Akamwita Asinyen, akampa blanketi lake, akageuka.

Kurudi tulikuta korongo limejaa maji, mvua imenyesha milimani. Magari yalisimama. Maji yalipopungua hadi magotini watu walianza kuvuka kwa miguu kutafuta gari upande wa pili. Mwalimu alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Asinyen, ambaye alikuwa amevusha mbuzi mara nyingi, alimshika mkono. "Fumba macho, Mwalimu. Mbuzi pia tunafanyia hivyo." Alifumba. Akavuka akiongozwa, viatu shingoni, akitaja majina ya visiwa kwa sauti ya chini kama mtu anayesali.

Hakunieleza kwa nini alikuja, wala hakutengua alilosema siku ya matanga. Nilimfahamu hivyo mpaka alipostaafu: mtu ambaye angeweza kukupinga, kisha akasafiri siku nzima juani kuthibitisha ulichosema.

Mimi nilihamia Kakuma, nikafungua kihoteli njia ya kwenda Kalobeyei. Lokai alikuwa huko, na bodaboda yake mwenyewe. Asinyen alirudi shule, sasa anafundisha watoto wadogo kule Kalobeyei, Wakongo na Wasudani Kusini na Waturkana wamechanganyika darasa moja. Ewoi yuko sekondari na hasikilizi mtu. Mwaka huu fundi mwashi mmoja alimpenda Asinyen, naye akampenda, na safari hii sisi wanne tuliulizwa Jumapili na tukakubali bila kupumua. Watu wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kuzungumza mahari.

Baba mkubwa alikuwa ameshafariki. Wazee wengine wa upande wetu walijibu kwamba boma lililokataa wazee lizungumze lenyewe. Mazungumzo ya mahari bila mzee ni aibu. Watu wa kijana wangeweza kunywa chai yetu wakaondoka, na Asinyen angebaki na jina la msichana asiye na kwao. Lokai alisema yeye ni kijana mno. Nikampigia Mwalimu.

Alifika kwa gari la asubuhi, amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimpa kiti pekee chenye mikono, cha plastiki, nikakiweka katikati ya uwanja. Alikunywa chai ya rangi akitazama watu wakipita, mama wa Kisomali na toroli lake la sukari, vijana wa Kongo wakibishana kwa Kiswahili chao cha kuimba. Tulikuwa na muda, kwa hiyo nilimuuliza nililokuwa sijamuuliza.

"Mbona siku ile ulisema wachukuliwe?"

Hakujifanya hajui siku ipi. "Niliingia kwanza jikoni kwenu," alisema. "Nilifunua sufuria. Mtu akishaona sufuria tupu, Akiru, haoni kitu kingine. Sikukuona wewe umesimama kando yake."

"Ungeniona ungesema nini?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Labda ningesema vile vile. Mlikuwa na njaa kweli."

Ewoi, aliyekuwa akipanga vikombe, akasema, "Mwalimu, wewe huwezi danganya hata kidogo? Hata ya kumfurahisha mtu?"

"Nimejaribu," alisema Mwalimu. "Sina kipaji."

Wageni walikuja adhuhuri, wanaume sita, wawili kati yao wazee na fimbo zao. Tulisalimiana, ejok, ejok, wakapewa maji. Mkubwa wao aliangaza macho uwanjani: Lokai amesimama na kofia ya bodaboda mkononi, Ewoi, mimi na aproni yangu. Macho yake yakatua kwa Mwalimu kwenye kile kiti, na uso ukatulia.

"Mzee," akamwambia, "tumekuja kwa binti yako. Tuanze na wewe?"

Nilishusha pumzi. Ndicho nilichomwitia. Asinyen alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia akiacha kutembea.

Mwalimu aliweka kikombe chini. Alishika mikono ya kiti, akainuka polepole kama wazee wanavyoinuka, na nikadhani anainuka kutoa salamu. Badala yake alikibeba kile kiti, akavuka nacho uwanja, akakiweka nyuma ya magoti yangu.

"Mimi ni shahidi tu," aliwaambia wageni. "Mwenye boma ni huyu."

Kisha akaenda kuketi kwenye kreti ya soda, kati ya Lokai na Ewoi. Yule mzee alinitazama, akatazama aproni, akatazama ndugu zangu ambao hawakuwa wamesogea. Akahamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda ule.

Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nilivua aproni, nikakaa, nikawaambia waanze.